Hoteli Isiyolaza Wageni: Namna ya Kulinda Biashara Yako Isiorodheshwe Visivyo Mtandaoni

Mtu wa Likoni akikwambia mkutane hotelini, hufikirii kitanda. Unafikiria mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki adhuhuri, chai ya tangawizi jioni. Hoteli kwetu ni mahali pa kula. Lakini simu ya mgeni aliyeshuka ndege Changamwe haijui hivyo. Kwa orodha nyingi za biashara mtandaoni, hoteli ni nyumba ya kulaza wageni kwa malipo, basi.

Tuchukue mfano. Mama ana hoteli yake Mtongwe, meza sita na jiko nyuma. Kijana wa jirani anamsaidia kuiweka kwenye ramani ya Google. Anapoulizwa aina ya biashara, anachagua "Hotel" kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ubaoni pameandikwa hivyo. Kuanzia hapo mama anapigiwa simu saa nne usiku na watu wanaouliza bei ya chumba. Mmoja anafika na mizigo yake, anakosa pa kulala, anaondoka amekasirika na kumwachia nyota moja. Na wakati huo huo, mtu aliyevuka feri ana njaa na anatafuta mkahawa ulio karibu, haoni jina la mama, kwa sababu mama amewekwa kwenye kundi la vyumba vya kulala.

Huo ni mfano, lakini hakuna hatua yake moja isiyowezekana. Hakuna aliyemwibia mama huyo wala kumchafulia jina kwa makusudi. Jina lake limeandikwa sawasawa, nambari yake ya simu ni sahihi. Kilichokosewa ni aina. Makala haya yanaeleza aina hizo hutoka wapi, maneno yetu gani ya pwani yanaponza, na mwenye biashara wa Likoni, Kisauni au Changamwe afanye nini ili ajulikane kwa kazi yake halisi.

Orodha hizi ni nini, na habari zake hutoka wapi

Zamani kulikuwa na kitabu cha simu chenye kurasa za manjano. Desturi ya kupanga biashara kwa aina katika kitabu kama hicho ni ya kale. Chicago, Marekani, Reuben H. Donnelley alichapisha chake mwaka wa 1886. Ukikosewa kwenye kitabu, ulisubiri toleo la mwaka uliofuata, lakini kosa lilibaki ndani ya kitabu kimoja.

Siku hizi kosa husafiri. Biashara yako inaweza kuwa kwenye Google Maps, Facebook, WhatsApp Business, Tripadvisor, ramani za Apple, OpenStreetMap, na tovuti kadhaa za kuorodhesha biashara za Kenya, hata kama wewe mwenyewe hukujiandikisha popote. Habari huingia kwa njia kuu nne:

Ya kwanza, mwenye biashara mwenyewe au mtu aliyemtuma.

Ya pili, watu wa kawaida. Google Maps humruhusu mtu yeyote mwenye akaunti kuongeza mahali papya au kupendekeza marekebisho ya jina, saa, mahali na aina. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, imejengwa yote na watu wanaojitolea.

Ya tatu, mitambo yenyewe. Google husema wazi kwamba huchanganya habari za mwenye biashara na zile za watumiaji, tovuti na vyanzo vingine, na inaweza kubadilisha ukurasa wako kwa msingi huo.

Ya nne, tovuti kuchukua kutoka kwa tovuti. Data za OpenStreetMap hutumiwa na programu nyingine nyingi, zikiwemo OsmAnd na Organic Maps. Kosa likiingia kwenye chemchemi, mifereji yote hubeba maji yale yale.

Kwa hivyo usidhani kwamba usipojiandikisha hutaandikwa. Ukiacha nafasi wazi, mtu mwingine ataijaza kwa niaba yako, na atatumia maneno yake.

Maneno yetu yanayoponza

Orodha hizi zilitungwa kwa Kiingereza cha mbali. Google ina maelfu ya aina za kuchagua, na huwezi kuunda yako. Lazima uchague iliyo karibu zaidi na kazi yako. Hapo ndipo lugha yetu na orodha yao hugongana.

Hoteli. Tumeshaieleza. Si sisi peke yetu. Sehemu nyingi za India pia hoteli ni mahali pa kula, na Australia neno hilo hutumika kwa baa. Kwenye Google, ukurasa wa aina ya hoteli huonyesha tarehe za kuingia na kutoka na bei za vyumba. Ukurasa wa mkahawa huonyesha menyu na saa za kufungua. Kwenye OpenStreetMap pia ni alama mbili tofauti kabisa, moja iko chini ya utalii na malazi, nyingine chini ya huduma za chakula. Kama hulazi watu, wewe ni mkahawa.

Baa. Hapa hasara ni kubwa zaidi. Mkahawa wa halali wa Kisauni ukiwekwa kundi la baa kwa sababu tu una mishikaki, juisi na unafungwa usiku wa manane, familia itaupita mbali. Watu hawataki ubishi. Wakiona neno baa juu ya jina lako hawaingii, wala hawakupigii simu kukuuliza.

Chuo. Kwa Waswahili wa Mombasa, mtoto akienda chuoni huenda kusoma Kurani. Kwa Kiswahili cha vitabu, chuo ni taasisi ya elimu ya juu. Madrasa ya Mtopanga ikiandikwa chuo kwenye ramani, mtafsiri wa mashine anaweza kuigeuza kuwa koleji. Andika madrasa, na utafute aina inayohusu elimu ya dini.

Duka la dawa. Muuzaji wa dawa za miti shamba, habasoda na asali akiandikwa famasia, hilo ni zaidi ya kosa la lugha. Famasia husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Mgonjwa anayetafuta dawa aliyoandikiwa na daktari atapoteza muda kwako, na mkaguzi atakuuliza leseni ambayo hukuiomba kwa sababu hukuihitaji.

Hina. Mama anayechora hina na piko kwa maharusi akiwekwa pamoja na wachora chale za kudumu, wateja wake wanaojiheshimu kidini wataona haya hata kumtaja. Tafuta aina inayohusu hina. Kama orodha unayotumia haina, chagua saluni ya urembo na ueleze hina kwenye maelezo.

Kliarin. Changamwe, karibu na bandari na maghala ya makontena, neno hili hubeba kazi tatu au nne. Wakala wa forodha huhitaji leseni ya KRA chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Mwenye malori ni msafirishaji. Mwenye ghala ni mtu mwingine. Kampuni ya malori ikijiandika wakala wa forodha, mteja ataleta hati za mzigo mahali pasipo na leseni ya kuzishughulikia, na mzigo utalala bandarini ukila gharama.

Gereji. Kwetu ni kwa fundi wa magari. Kwingineko neno hilo humaanisha mahali pa kuegesha. Chagua aina inayotaja ukarabati.

Saiba. Duka la kupiga chapa, kujaza fomu za eCitizen na kutoa nakala, huandikwa mkahawa wa intaneti. Kama wateja wako wengi huja kwa karatasi, aina yako kuu ni huduma za uchapaji na nakala.

Hatua ya kwanza: chukua ufunguo wa nyumba yako

Jitafute kama mteja. Andika jina la biashara yako kwenye Google, kisha nambari yako ya simu, kisha kazi yako pamoja na mtaa, kwa mfano "pilau Mtongwe" au "fundi cherehani Magongo". Tumia simu ya mtu mwingine kama inawezekana, maana simu yako imeshakuzoea. Andika kwenye daftari kila mahali ulipojiona na aina uliyopewa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi jina nalo ni mali.

Kisha dai ukurasa wako. Kwa Google, unafungua Google Business Profile, unatafuta jina lako, na kama ukurasa upo tayari unaomba umiliki. Utatakiwa kuthibitisha. Mara nyingi siku hizi ni kwa video inayoonyesha mtaa, ubao wa nje, na kitu kinachodhihirisha kwamba wewe ndiye mwenyewe, kama kufungua mlango kwa ufunguo au kuonyesha kibali cha kaunti ukutani. Biashara isiyo na ubao hupata taabu hapa, kwa hivyo weka ubao hata kama ni mbao na rangi.

Mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, Google haitozi pesa kuorodhesha biashara. Mtu akikupigia akisema ukurasa wako utafungwa usipotuma pesa kwa M-Pesa, huyo ni mwizi. Pili, kijana akikufungulia ukurasa, utumie barua pepe yako. Mmiliki mkuu awe wewe, yeye umpe nafasi ya meneja. Mkikosana au akihamia Nairobi, umtoe bila kumbembeleza. Ukurasa uliofunguliwa kwa barua pepe ya mtu mwingine ni kama duka ambalo ufunguo wake anao jirani.

Hatua ya pili: chagua aina kuu kwa swali moja

Google huruhusu aina kuu moja na nyingine za ziada hadi 9. Aina kuu ndiyo yenye nguvu. Ndiyo inayoonekana chini ya jina lako na ndiyo inayoamua utaonekana katika utafutaji gani. Mwongozo wa Google wenyewe unatoa kipimo kizuri: jaza sentensi "biashara hii ni", usijaze "biashara hii ina".

Kipimo hicho hukata maneno. Mkahawa wa Bamburi wenye duka dogo la M-Pesa mlangoni ni mkahawa, na una M-Pesa. Saluni ya Chaani inayouza manukato na udi ni saluni, na ina bidhaa. Nyumba ya wageni ya Shanzu yenye jiko ni nyumba ya wageni, na ina chakula. Vitu unavyokuwa navyo viandike kwenye maelezo, menyu au orodha ya bidhaa.

Usishawishike kujaza nafasi zote kumi ukidhani utaonekana kila mahali. Mwongozo huo huo unataka aina chache iwezekanavyo, na kila neno la ziada ni mlango wa kuingiza mteja asiye wako. Fundi cherehani anayeshona buibui na kanzu ajiandike fundi cherehani. Duka la nguo aliongeze tu kama kweli kuna nguo zilizotundikwa zinazouzwa.

Jua pia kwamba ukibadilisha aina, Google inaweza kukuomba uthibitishe upya. Usibadilishe kila wiki, na usibadilishe katikati ya msimu wa Idi au Desemba wakati wateja ni wengi.

Kwenye Facebook na WhatsApp Business pia kuna aina katika mipangilio ya wasifu. Weka ile ile. Mitambo ikikuta kwingine umeandikwa mkahawa na kwingine hoteli, huanza kukisia.

Hatua ya tatu: jina moja, simu moja, mahali pamoja

Jina la mtandaoni liwe lile lililoko ubaoni na kwenye kibali. Usiongeze maneno ya kuvutia kama "bora Mombasa" au "bei nafuu". Google hukataza, na ukurasa unaweza kusimamishwa. Kama ubaoni pameandikwa "Hoteli ya" fulani, huna haja ya kubadilisha jina la biashara iliyojulikana miaka. Acha jina, rekebisha aina, na sentensi ya kwanza ya maelezo iseme wazi: "Sisi ni mkahawa wa vyakula vya Kiswahili. Hatuna vyumba vya kulala."

Mahali nako kuna mitego yake. Alama ya ramani ikikosea kidogo Nairobi, mteja atatembea dakika tano. Ikikosea Mombasa, inaweza kumweka ng'ambo ya maji. Biashara ya Likoni ikiwekwa kisiwani, mteja amepanda feri au ameivuka bila sababu. Kwenye tovuti za utalii, Likoni huweza kutupwa pamoja na pwani ya kusini ya Diani na Tiwi, ilhali Diani na Tiwi ziko Kaunti ya Kwale na Likoni ni Mombasa. Upande wa kaskazini, tangu uchaguzi wa 2013 Nyali ni eneo bunge lake, lililomegwa kutoka Kisauni, kama Jomvu ilivyomegwa kutoka Changamwe. Soko la Kongowea ambalo wengi bado huliita la Kisauni liko Nyali kwa mipaka ya sasa. Tumia jina la mtaa linalojulikana na wateja pamoja na alama ya karibu: msikiti, shule, stendi ya matatu.

Kama huna duka na unafanyia kazi nyumbani au unamfuata mteja, kama mpishi wa harusi au fundi wa friji, Google inakuruhusu kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia. Hilo linamlinda mwanamke anayefanya kazi nyumbani asigongewe mlango na watu asiowajua.

Picha nazo husema. Mwenye mkahawa aweke picha za sahani, jiko na meza, na ubao ukiwa wazi. Anayesita baina ya maneno mawili atasadiki picha. Mwenye mkahawa wa halali aliye na cheti cha Kenya Bureau of Halal Certification akipige picha na kukiweka.

Mtu mwingine akibadilisha

Hata ukishathibitisha, mtu anaweza kupendekeza badiliko, na Google ikalikubali. Kawaida mmiliki hupata taarifa kwa barua pepe na ndani ya ukurasa, na anaweza kulikataa. Shida ni kwamba wengi hufungua barua pepe mara moja kwa mwaka. Fungua ukurasa wako angalau mara moja kwa mwezi, siku hiyo hiyo unayolipa kodi ya duka, ili usisahau.

Ukikuta kosa, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Piga picha ya skrini yenye tarehe kabla hujabadilisha lolote.
2. Rekebisha mwenyewe ndani ya ukurasa wako ikiwa wewe ndiye mmiliki.
3. Ikiwa si ukurasa wako, omba umiliki, na wakati unasubiri pendekeza marekebisho kama mtumiaji wa kawaida.
4. Ikiwa mtu ametengeneza ukurasa wa uongo kwa jina au simu yako, tumia fomu ya malalamiko ya Google kuhusu biashara za kupotosha.
5. Kwa OpenStreetMap, ingia urekebishe mwenyewe au acha ujumbe kwenye ramani, wanaojitolea watausoma.
6. Kwa tovuti nyingine, tuma barua pepe ukiambatanisha ushahidi.

Barua iwe fupi. Kama tovuti ni ya Kiingereza, andika kwa Kiingereza, lakini mambo ni haya: "Mimi ni mmiliki wa biashara hii iliyoko Likoni, Mombasa. Kwenye tovuti yenu imewekwa chini ya hoteli za malazi. Sisi ni mkahawa, hatuna vyumba. Tafadhali ihamisheni kwenye mikahawa. Nimeambatanisha kibali cha kaunti na picha ya ubao. Naomba mnijibu mkisharekebisha." Weka nakala. Subiri wiki mbili, kisha tuma tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Na ile nyota moja ya mgeni aliyekosa chumba? Unaweza kuiripoti, lakini usitegemee itaondolewa. Jibu kwa adabu, maana jibu lako litasomwa na watu wengi kuliko lawama yenyewe: "Pole sana ndugu yetu kwa usumbufu. Sisi ni mkahawa na hatulazi wageni. Ramani ilikuwa imekosea na tumeirekebisha. Karibu tena upate mlo." Mteja anayesoma anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kazi yako na tabia yako.

Karatasi zinazosimama nyuma ya jina

Tovuti ikikuuliza wewe ni nani, maneno hayatoshi. Hakikisha karatasi zako zinasema jambo moja.

Usajili wa jina la biashara hufanywa kupitia eCitizen kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499. Kibali cha Kaunti ya Mombasa nacho hutaja kazi unayofanya. Kisome. Ukikuta umeandikiwa kazi isiyo yako, nenda ofisi za kaunti kabla ya kukihuisha, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo utakayoipiga picha kuithibitishia Google. Hoteli za malazi zina msimamizi wake, Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Hutaki kibali kinachokuita nyumba ya wageni ilhali unauza viazi karai.

Wengi hudhani kusajili jina la biashara kunawapa hakimiliki ya jina hilo. Hakuwapi. Jina kama nembo hulindwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, chini ya Sheria ya Nembo za Biashara, Sura ya 506. Ombi hukaguliwa, hutangazwa kwenye jarida la KIPI, na watu hupewa siku 60 kupinga. Likipita, ulinzi ni wa miaka 10 na unaweza kuhuishwa.

Na hata huko kuna aina. Kenya hutumia mpangilio wa kimataifa wa Nice, uliotokana na mkataba wa 1957, wenye madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Mikate, keki, chai na viungo ni daraja la 30. Kanzu, kofia na viatu ni la 25. Manukato na udi ni la 3. Usafirishaji ni la 39. Huduma za chakula na za malazi zote ni la 43, kwa hivyo huko hoteli ya Likoni na hoteli ya ufuoni Bamburi ni jirani. Ukikosea daraja, jina lako litalindwa kwa kazi usiyoifanya na kubaki wazi kwa ile unayoifanya, na huwezi kulipanua baadaye bila ombi jipya. Disney walipolisajili "Hakuna Matata" Marekani, ombi likiwa la 1994 na usajili wa 2003, lilikuwa la nguo. Maneno hayo bado tunayasema bila kumlipa mtu, lakini fulana zilipata mwenyewe. Mwaka wa 2018 watu wengi walitia sahihi ombi la kupinga.

Pwani tuna kisa cha karibu zaidi. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kama nembo yake huko. Watetezi wa wafumaji na wauzaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, walipinga, na ombi halikufaulu. Kikoi ni aina ya nguo, na aina ni ya wote. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo hili lote: aina ni ya kila mtu, jina ni lako. Asiyetenganisha mawili hayo hupoteza moja.

Sheria inasemaje

Makosa mengi ya orodha hayahitaji wakili. Lakini ni vyema kujua unasimama wapi.

Ibara ya 35(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri zisahihishwe au zifutwe. Ikiwa kilichoandikwa ni data yako binafsi, kama jina lako, nambari yako au picha yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba isahihishwe, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na ikiwa mtu anatumia jina la biashara yako mtandaoni kwa makusudi bila ruhusa, kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kinalifanya kosa la jinai, lenye faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Picha za skrini zenye tarehe ndizo zitakazokusaidia mbele ya ofisi yoyote kati ya hizo.

Daftari la mwezi

Kabla ya kufunga, hii hapa orodha fupi ya kubandika karibu na meza ya malipo. Kila mwezi:

Tafuta jina lako na nambari yako kwenye simu ya mtu mwingine. Angalia neno lililo chini ya jina lako. Angalia alama ya ramani iko upande gani wa maji. Soma maoni mapya na uyajibu. Fungua barua pepe ya ukurasa wako. Kila Januari, linganisha kibali kipya na maneno yaliyoko mtandaoni.

Kazi yote hiyo haizidi nusu saa. Mama wa Mtongwe katika mfano wetu hakuwa na haja ya kubadilisha ubao wake wala kuacha kuita hoteli yake hoteli. Alihitaji kubadilisha neno moja chini ya jina, ili aliyevuka feri na njaa yake amfikie, na mwenye mizigo aende anakolala watu.